Mmarekani mwenye majigambo aliyefunzwa adabu Oxford

Na Mwandishi Wetu

KILA ifikapo Septemba na Oktoba, viwanja vya ndege vya Dar es Salaam, Nairobi na Entebbe hushuhudia vijana wakiagana na wazazi wao kabla ya kwenda kusoma ng'ambo. Mizigo hupimwa, machozi hufutwa, na nasaha za wazee huendelea hadi dakika ya mwisho: ukifika huko, usiwe na haraka ya kusema. Tazama kwanza wenyeji wanavyoishi.

Nasaha hiyo ni ya zamani kuliko ndege zenyewe. Wahenga waliifupisha waliposema ukienda kwa wenye chongo nawe vunja lako jicho. Hata hivyo, ipo filamu moja ya vichekesho, iliyotengenezwa nchini Uingereza mwaka 1937 na kuonyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1938, ambayo shujaa wake anaondoka kwao bila kuitilia maanani, na anaadhibiwa kwa kuchekwa.

Filamu hiyo ni "A Yank at Oxford". Yank ni jina la utani ambalo Waingereza huwaita Wamarekani, na Oxford ni chuo kikuu kongwe kuliko vyote nchini Uingereza. Kwa hiyo jina la filamu lina maana ya Mmarekani aliyetua Oxford, na kwa mtazamaji wa zama zile maneno hayo peke yake yalitosha kumfanya atabasamu.

Zaidi ya miaka 80 imepita na waigizaji wake wakuu wamekwisha fariki dunia. Makala haya yanaeleza filamu hiyo inahusu nini, ilizaliwa kutokana na sheria gani, na kwa nini swali inalolibeba, la nani anayepaswa kubadilika kati ya mgeni na mwenyeji, halijapata jibu jepesi hadi leo.

Kisa chenyewe

Lee Sheridan, anayeigizwa na Robert Taylor, ni mwanariadha hodari katika chuo kidogo cha mji wa kubuni uitwao Lakedale, nchini Marekani. Baba yake Dan, anayeigizwa na mzee Lionel Barrymore, ni mtu wa magazeti asiye na fedha nyingi, lakini fahari aliyonayo juu ya mwanawe haina kipimo. Mcheza kwao hutunzwa, na Lee ametunzwa hadi kichwa kimevimba.

Kijana huyo anapata ufadhili wa kwenda kusoma Oxford, katika chuo kiitwacho Cardinal. Wakiwa ndani ya treni, anawasimulia abiria wenzake ushindi wake wote wa riadha, mmoja baada ya mwingine, bila kuombwa. Wenzake hao, ambao kumbe nao ni wanafunzi wa Oxford, wanamsikiliza kwa heshima zote. Kisha wanamdanganya na kumshusha katika kituo kisicho chake.

Anapofika chuoni kwa taabu, anaandaliwa mapokezi makubwa ya kumtukuza. Mapokezi hayo nayo ni mzaha. Lee anapogundua, anamfukuza mwanafunzi aliyejifanya dekani wa chuo, na katika patashika hiyo anampiga teke dekani wa kweli. Masomo yake Oxford yanaanza kwa kuomba radhi.

Anataka kufungasha na kurudi kwao. Anayemzuia si profesa wala tajiri, bali Scatters, mtumishi anayehudumia vyumba vya wanafunzi, mtu aliyewaona vijana wengi wakija na kuondoka. Kutoka hapo Lee anaanza kuijua Oxford kidogo kidogo. Anapata nafasi katika timu ya riadha baada ya kuwapita wakimbiaji waliovalia nguo za michezo, hali yeye ana joho na kofia ya kitaaluma. Anampenda Molly, binti anayeigizwa na Maureen O'Sullivan, bila kujali kwamba Molly ni dada wa hasimu wake mkubwa, Paul Beaumont.

Anapoanza kukubalika, majigambo yanamrudisha nyuma. Katika mbio muhimu za kupokezana anatakiwa kumwachia Paul nafasi yake. Anakataa, anamsukuma Paul pembeni, anakimbia mwenyewe na kushinda. Alikotoka, ushindi huo ungepigiwa vigelegele. Oxford, wenzake wanamvua suruali hadharani, adhabu ya kienyeji ya wanafunzi kwa mtu aliyevunja adabu ya mchezo.

Siku aliyonyamaza

Hapo ndipo filamu inapogeuka, na msomaji atakayeitazama aangalie vizuri sehemu hiyo. Mji una mwanamke aitwaye Elsa Craddock, mke wa muuza vitabu, mwenye mazoea ya kuwa karibu mno na wanafunzi. Mwanamke huyo ana uhusiano wa siri na Paul. Anapokutwa ndani ya chumba cha Lee, lawama yote inamwangukia Lee.

Neno moja tu lingemwokoa. Angetaja jina la Paul, mtu aliyemfanyia mizaha na kumchukia tangu siku ya kwanza, mambo yangekwisha. Lee halitaji. Anafukuzwa chuo akiwa amefunga mdomo.

Mtu huyu ndiye aliyeanza filamu kwa kusema kila kitu kuhusu nafsi yake hata kwa watu asiowajua. Sasa ana jambo moja la maana la kusema kwa faida yake, na analimeza. Oxford haikumfundisha lafudhi wala namna ya kunywa chai. Ilimfundisha kwamba heshima nyingine haitangazwi.

Wala filamu haikomei hapo, maana kumgeuza mgeni peke yake kungekuwa kusema kwamba wenyeji hawana walakini. Baba yake anafika kutoka Marekani, hakubali kwamba mwanawe ametenda aliyoshitakiwa, na kwa akili za mtu wa magazeti anamshawishi Elsa alisafishe jina la kijana. Paul naye analazimika kukiri moyoni kwamba mtu aliyemdharau amemzidi kwa uungwana. Mahasimu hao wanapatana, wanakaa katika mashua moja na kuvuta makasia pamoja hadi ushindi.

Mashua hiyo haikuwekwa pale kwa bahati. Katika mbio za riadha mtu mmoja aweza kumsukuma mwenziwe na bado akashinda. Katika mashua ya watu wanane, anayevuta kwa nguvu zake bila kufuata mapigo ya wenzake huizamisha timu nzima.

Mchezo wa makasia wa Oxford na Cambridge

Mtazamaji wa mwaka 1938 aliijua habari hiyo ya mashua kwa sababu nyingine. Mashindano ya makasia kati ya vyuo vikuu vya Oxford na Cambridge yalianza mwaka 1829, na sasa hufanyika katika mto Thames jijini London. Kuanzia mwaka 1924 hadi 1936, Cambridge ilishinda kila mwaka, mara 13 mfululizo. Oxford ilikata mnyororo huo mwaka 1937, mwaka ule ule filamu ilipokuwa ikitengenezwa.

Hata jina la chuo cha kubuni lina historia ya kweli. Kadinali Wolsey alianzisha Oxford chuo kilichoitwa Cardinal mwaka 1525. Alipopoteza hisani ya Mfalme Henry wa Nane, chuo kikaingia mikononi mwa mfalme, na tangu mwaka 1546 kinaitwa Christ Church. Watunzi walichukua jina lililokwisha kufa, wakapata chuo chenye sura ya Oxford ambacho hakuna ambaye angesema ni chake.

Sheria iliyozaa filamu

Swali ambalo wengi hujiuliza ni hili: kwa nini kampuni ya Hollywood isafirishe nyota wake na mwongozaji wake kuvuka bahari ya Atlantiki, wakati ingeweza kujenga Oxford ya mbao na karatasi huko California?

Jibu ni sheria. Mwaka 1927 Bunge la Uingereza, likihofia kwamba sinema za Marekani zimeyameza majumba yote ya nchi, lilipitisha sheria ya mgawo. Wasambazaji walitakiwa kuhakikisha kwamba angalau asilimia 7.5 ya filamu zao ni za Uingereza, na wenye majumba ya sinema asilimia 5. Viwango hivyo vilipangwa kupanda hadi asilimia 20.

Kampuni za Marekani ziliitii sheria kwa ujanja. Zilitengeneza au kununua filamu za Kiingereza za bei nafuu, za harakaharaka, ili tu kutimiza hesabu. Nyingi zilikuwa duni kiasi cha kuitia aibu nchi iliyokusudiwa kulindwa. Sheria mpya ya mwaka 1938 ililenga kuziba mwanya huo kwa kuweka kima cha chini cha gharama.

Kampuni ya MGM ilikuwa imekwisha chagua njia nyingine. Mwaka 1936 ilianzisha tawi lake nchini Uingereza na kumweka Michael Balcon, mtayarishaji mashuhuri wa huko, kuwa msimamizi wa utengenezaji. Mpango ulikuwa kutengeneza filamu ambazo kisheria ni za Uingereza lakini zenye fedha, nyota na uzuri wa Hollywood. "A Yank at Oxford" ilikuwa ya kwanza, na ilipigwa katika studio za Denham, nje kidogo ya London, chini ya mwongozaji Mmarekani Jack Conway.

Kwa hiyo kisa cha Mmarekani na Waingereza wanaojifunza kuvuta kasia moja kilikuwa pia kisa cha biashara. Filamu ilipaswa kuuzwa pande zote mbili za bahari. Haikuweza kumfanya Mmarekani kuwa mpumbavu mtupu, wala kuwafanya Waingereza kuwa watu wa majivuno tu. Kila upande ulipaswa kuchekwa kidogo na kutukuzwa kidogo.

Waliokuwa nyuma ya kamera

Wazo la awali lilitoka kwa John Monk Saunders, mwandishi Mmarekani aliyewahi kusoma Oxford kwa ufadhili wa Rhodes, yaani fedha zilizoachwa na Cecil Rhodes katika wosia wake alipofariki mwaka 1902. Alijua alichokuwa akikisema kuhusu mgeni anayeshuka na mizigo yake Oxford.

Baadaye mswada ulipita katika mikono mingi. Mmoja wa waliouparaza ni mwandishi wa riwaya F. Scott Fitzgerald, aliyeajiriwa na MGM mwaka 1937 kwa mshahara wa dola 1,000 kwa wiki, wakati madeni na ulevi vikimwandama. Ilikuwa kazi yake ya kwanza katika mkataba huo. Machache aliyoyaandika ndiyo yaliyobaki, na jina lake halimo katika orodha ya watunzi.

Robert Taylor naye alikuwa na lake la kuthibitisha. Alizaliwa Nebraska mwaka 1911, jina lake halisi likiwa Spangler Arlington Brugh, na alikuwa amepata umaarufu kwa sura yake nzuri kupita kiasi. Magazeti yalimtania kwamba ni mrembo kuliko wanawake anaocheza nao. Filamu iliyomtaka akimbie, apigane na kuvuta makasia ilikuwa dawa ya maneno hayo, na kampuni ilijua hivyo.

Sehemu ya Elsa ilichezwa na mwanamke mwembamba wa Kiingereza aliyekuwa hajajulikana sana Marekani. Jina lake ni Vivien Leigh. Yeye na Maureen O'Sullivan walikuwa wamesoma pamoja utotoni katika shule ya masista ya Roehampton, London. Filamu hii iliwatambulisha Wamarekani wengi kwake, na mwaka uliofuata alionekana katika "Gone with the Wind", filamu iliyompa tuzo ya Oscar. Mwaka 1940 alirudi kucheza na Taylor katika "Waterloo Bridge".

Mgeni ambaye hakujifunza

Kejeli kubwa ya historia hii imo nje ya filamu. Wakati kamera zikipiga kisa cha Mmarekani anayejifunza unyenyekevu, mkuu wa MGM, Louis B. Mayer, alifika Uingereza na kumfokea Balcon vibaya. Mwenyeji huyo, aliyeajiriwa kwa sababu anaijua nchi yake, alijikuta hana sauti katika studio iliyo nyumbani kwake.

Balcon hakudumu. Mwaka 1938 alikwenda kuongoza studio za Ealing, ambako chini yake zilitoka filamu za vichekesho ambazo Waingereza wanajivunia hadi leo, zenye bajeti ndogo na zilizojaa maisha ya mitaa yao. Tawi la MGM nalo lilitoa filamu nyingine mbili za kukumbukwa, "The Citadel" ya mwaka 1938 na "Goodbye, Mr. Chips" ya mwaka 1939, kabla ya vita kuu kuvuruga mipango yote.

Mlango ambao haukufunguka

Lipo jambo jingine ambalo filamu haikuligusa, na msomaji wa Afrika hawezi kulipita kimya. Lee Sheridan ana kosa, na kosa hilo ni lake. Akijirekebisha, milango inafunguka. Lakini yuko mgeni ambaye hukataliwa kabla hajafungua kinywa.

Mwaka 1907 Alain Locke, kijana msomi wa Chuo Kikuu cha Harvard, alikuwa Mmarekani Mweusi wa kwanza kupata ufadhili wa Rhodes. Vyuo kadhaa vya Oxford vilimkataa hadi chuo cha Hertford kilipompokea. Waliomtesa zaidi walikuwa Wamarekani wenzake waliotoka majimbo ya kusini, ambao hawakutaka kuketi naye. Katika sherehe yao ya Siku ya Shukrani, sikukuu ya Wamarekani wote, yeye hakualikwa.

Locke hakuwa na majigambo ya kutibiwa. Alirudi kwao, akawa mwanafalsafa, na mwaka 1925 alihariri kitabu "The New Negro", kilichotangaza kuamka kwa sanaa ya Weusi wa Harlem. Baada yake, Wamarekani Weusi hawakuchaguliwa tena kupata ufadhili huo hadi miaka ya mwanzo ya 1960. Filamu ya mwaka 1938 ilitoka katikati ya ukimya huo wa zaidi ya nusu karne.

Kwa hiyo tuicheke filamu hii tukijua mipaka yake. Inasema kweli kuhusu mgeni mwenye majivuno. Haisemi lolote kuhusu mwenyeji, au mwenzako mtokao kwenu, ambaye amekwisha kukuhukumu kwa rangi yako.

Watoto wa filamu

Vichekesho vyema huzaa vingine. Mwaka 1940 Laurel na Hardy walitoa "A Chump at Oxford", jina lililoigizwa kwa dhihaka. Wao ni wafagiaji wa barabara wanaozuia wizi wa benki bila kukusudia, na zawadi yao ni kupelekwa Oxford. Wanafunzi wanawafanyia mizaha, akiwemo kijana mmoja aliyechezwa na Peter Cushing, ambaye baadaye alivuma kwa filamu za kutisha. Kisha Stan anagongwa kichwani na kugeuka bwana mkubwa, msomi na mwanamichezo asiye na mfano. Anayebaki akidhalilika ni rafiki yake Ollie, aliyezoea kumwamuru.

Mwaka 1984 Rob Lowe alicheza "Oxford Blues", kisa kile kile cha Mmarekani mwenye makeke na makasia.

Kisha maisha yenyewe yakaiga sinema. Mwaka 1987 kundi la wapiga makasia Wamarekani waliokuwa wakisoma Oxford liligombana na kocha na nahodha wa timu, likajitoa wiki chache kabla ya shindano dhidi ya Cambridge. Vyombo vya habari viliuita mgogoro huo maasi. Oxford ilikwenda majini na vijana waliotarajiwa kushindwa, ikashinda. Mwaka 1996 kisa hicho nacho kikafanywa filamu, "True Blue".

Tofauti ni kwamba katika maisha ya kweli hakukuwa na siku ya kupatana mwishoni. Kila upande uliondoka ukiamini kwamba ulikuwa na haki.

Kinachobaki

Mzazi anayemwaga mwanawe uwanja wa ndege hana budi kusema yote mawili. Amwambie apunguze maneno, asikilize, akubali kuchekwa anapokosea, kwa kuwa kila mji una adabu zake na hakuna aliyezaliwa nazo. Lakini amwambie pia kwamba kunyamaza kwa Lee Sheridan kulikuwa na thamani kwa sababu aliamua mwenyewe kunyamaza, tena kwa ajili ya mtu mwingine. Kunyamazishwa ni jambo jingine, na hilo halina unyenyekevu ndani yake.

Kama kijana wako anasubiri siku ya safari, mkae jioni moja muitazame pamoja. Mtacheka sana pale kwenye treni. Kisha muulize: wewe ukishushwa kituo kisicho chako, utafanya nini?